Nilivyompima mke wangu mafuta ya mwili kwa spana, Mpanda miaka ya tisini

Wakuu mlioko kazini, na nyie mlioko chooni na simu, wote nawasabahi.

Haya ninayoandika yalinikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, maana chumvi daktari alishatukataza nyumbani kwetu, mtaona mbele.

Juzi jamaa mmoja humu aliuliza kipimo gani cha uhakika cha kujua mafuta ya mwili. Anasema mashine ya gym leo inamwambia hivi, kesho vile, na wali alikula ule ule. Wataalamu wakaja wakamwaga English mpaka nikasinzia.

Mimi shule yangu iliishia la saba. Ila kwa hili naomba mnipishe kidogo.

Twende.

Miaka ya tisini nilikuwa kijana, fundi baiskeli pale Mpanda mjini. Kibanda changu kilikuwa bati mbili na nguzo nne, pampu, solusheni ya kuzibia pancha, na mdomo. Wateja wengine walikuja kwa ajili ya mdomo tu, baiskeli nzima kabisa.

Mke wangu anaitwa Modesta. Mkonongo mwenzangu wa Inyonga, mtoto wa warina asali.

Wakuu, Modesta alikuwa mnene.

Sisemi mnene wa kuambiwa pole. Nasema mnene wa watu kugeuka. Enzi hizo hiyo ilikuwa sifa, mwanamke akiwa hivyo mtaa unajua mume anahudumia. Mimi mwembamba kama spoku, nikitembea naye watu wanasema tazama kile kifimbo kimemshika nani. Nilikuwa najisikia waziri.

Alikuwa na mgahawa karibu na kibanda changu. Wali, maharage, samaki wa Karema kwenye mawese. Lile sufuria la wali alikuwa analitoa jikoni peke yake. Mimi nililijaribu siku moja nikaishia kucheka na kukaa chini.

Sasa ikaanza kichwa kumuuma. Mara kizunguzungu. Tukaenda hospitali.

Daktari akamfunga lile tambara la mkononi, akapuliza, akaangalia, akapuliza tena.

"Mama, una presha. Acha chumvi nyingi. Na mwili huu una mafuta mengi. Punguza."

Nikadakia, "Dokta, tupunguze kilo ngapi?"

"Kilo sina shida nazo. Nataka mafuta yatoke, nyama ibaki."

"Tutajuaje kilichotoka ni mafuta?"

Akaniangalia kama nimemuuliza siri ya jeshi. Akasema mtaona wenyewe, mwingine aingie.

Wakuu, hapo ndipo kazi ilipoanzia. Mtaona wenyewe, mtaona na nini?

Mizani ya watu mjini ilikuwepo hospitali tu, foleni yake unazeekea pale. Lakini nilikuwa na rafiki yangu Nsokolo, mlinzi wa ghala la tumbaku. Ule mzani wa kupimia marobota, unajua. Jioni wakulima wameondoka, nikampeleka Modesta.

Akapanda. Mzani ukalia nyiiii.

Nsokolo akamzunguka amefunga mikono nyuma, kama wale wanaopanga madaraja ya tumbaku.

"Hili robota halina unyevu. Daraja la kwanza. Shemeji, usiliuze hili."

"Nsokolo, nitakukalia," Modesta akamjibu.

Tulicheka mpaka nje. Kilo zilikuwa tisini na kitu. Kitu chenyewe Modesta amekataa nisikitaje humu, na yuko hapa pembeni anaangalia vidole vyangu.

Basi bana, diet ikaanza. Siku hizo hatukuiita diet, tuliita masharti. Mawese akayaacha yeye, wateja wakaendelea. Chumvi akapunguza. Ugali nusu, mboga za majani kama mbuzi. Na mihogo akawa anaifuata Kasokola kwa mguu, kwenda na kurudi. Zamani nilikuwa nampeleka kwenye kerea ya baiskeli. Baiskeli ikapumua, namshukuru Mungu kwa niaba yake.

Mwanamke ana roho ngumu yule. Nguo zikaanza kupwaya.

Nikafurahi.

Kumbe nimefurahi peke yangu.

Nyie vijana wa juzi hamjui kukonda kulikuwa na maana gani miaka ile. Mtu akipungua tu uso, imekwisha. Hakuna anayeuliza kama anafanya masharti ya presha. Wanaangaliana. Wanaulizana mume wake anasafirigi? Wanahesabu nani alizikwa mwaka gani. Ugonjwa wenyewe hautajwi jina, mtu anainua kidole kimoja hivi, basi mmeelewana.

Mama Kulwa, jirani yetu aliyekuwa anauza vitumbua, alinijia kibandani na ndala isiyokuwa na shida yoyote.

"Baba, nishonee hii."

"Mama Kulwa, mimi fundi baiskeli. Hiyo ndala haina hata cheni."

Akacheka kidogo. Akasogea. "Mwenzio anaendeleaje?"

"Mzima, anafanya masharti."

"Masharti," akasema. Akavaa ndala yake akaondoka.

Ile "masharti" ilivyotoka mdomoni mwake, wakuu, nilitamani nimpake solusheni.

Wateja wa mgahawa wakaanza kupungua. Wengine wanapita wanasalimia kwa mbali kama tumefiwa.

Nikasema dawa ni mzani. Tukapime, kilo zimeshuka, Modesta afurahi. Tukarudi kwa Nsokolo.

Kilo zilikuwa zimeshuka nyingi.

Nsokolo akausoma mzani mara mbili. Nikangoja utani. Hakuna. Akasema tu, "Haya shemeji, mshukuruni Mungu," akaenda kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa.

Njia nzima Modesta alitembea hatua mbele yangu.

Na kuanzia hapo nyumbani pakabadilika. Akaanza kulala mkekani, anasema kitanda kinampa joto. Joto gani, mvua zimeanza? Nikimshika mkono anautoa taratibu, anajifanya anatafuta kitu. Nikitania, anatoa tabasamu la kunisaidia tu nisione aibu.

Mimi nikajua nimechokwa. Nikawaza labda utani wangu una ukomo, na mwenzangu ameufikia.

Lakini vyovyote, nilitaka kumtoa ile hofu ya kilo. Mzani unasema kilo zimetoka, hausemi zimetoka wapi. Daktari alisema mafuta yatoke nyama ibaki. Mzani wa tumbaku haujui nyama wala mafuta, na ukiweka mawe nayo yanapimwa.

Nikajaribu kamba kiunoni. Ikapungua. Sasa? Mgonjwa naye kiuno si kinapungua!

Jamaa mmoja wa reli akaniambia mafuta yanaelea, mtu mwenye mafuta ukimweka kwenye maji hazami, mpeleke mtoni umwone. Nikamuuliza, akizama ndio nifurahi? Tukaachana hapo.

Jibu lilikuja na baiskeli.

Kulikuwa na Msukuma mmoja anaitwa Maduhu, kijana wa umri wangu, yeye na ndugu zake wametoka kaskazini na ng'ombe zao. Mtani wangu mkubwa. Alikuwa anapakia kwenye baiskeli vitu ambavyo lori lingekataa. Siku ya mnada ringi ikampindia huko huko mnadani, akanituma mtu nimfuate.

Nikamkuta anabishana na muuza ng'ombe. Ng'ombe tumbo limejaa, anang'aa, mimi ningemnunua na kumshukuru aliyeniuzia. Maduhu akapitisha mkono nyuma ya mbavu za yule ng'ombe, akaikamata ngozi kwa vidole, akaivuta, akaisugua kama mtu anayepima kitambaa dukani. Akaiachia.

"Huyu umemlambisha chumvi jana akanywa mto mzima," akamwambia muuzaji. "Tumbo maji. Mafuta hana."

Muuzaji akatukana kidogo, halafu akashusha bei.

Nikasahau ringi.

"Maduhu, umejuaje?"

"Mayu! Nyie warina asali mnajua nini," akanicheka. "Ukiivuta ngozi, nyama inabaki kwenye mfupa, haiji. Kinachokuja mkononi ni ngozi na mafuta yake. Ikija nene, ana mafuta. Ikija kama karatasi, hana. Tumbo linadanganya, mkunjo haudanganyi."

"Na ng'ombe mgonjwa?"

"Mgonjwa unamwona pajani. Anayekonda kwa kiangazi mafuta yanaisha, paja bado gumu, jembe anavuta. Mgonjwa paja linalegea, hata kusimama mpaka umuombe." Akanitazama. "Una ng'ombe wewe?"

"Ninaye mmoja," nikasema.

Mungu anisamehe.

Nikarudi nyumbani nawaza. Vidole vya Maduhu vimeshika ng'ombe miaka yote, vyangu vina mafuta ya cheni. Nikikamata leo nene na kesho nene, nitajuaje imepungua? Inatakiwa kitu cha kushika kipimo.

Nikageuka nikaiona imelala kwenye boksi la vifaa.

Spana malaya.

Wasioijua, ni ile spana ya kufungua na kufunga mdomo kwa kuzungusha gurudumu dogo, inaingia kwenye nati yoyote, ndio maana wakaiita hivyo. Unakamata mkunjo kwa vidole, unaleta mdomo wa spana, unazungusha mpaka unagusa ngozi bila kubana. Unatoa. Ile nafasi iliyobaki mdomoni unaipima kwa rula ya shule. Kwisha kazi.

Kumweleza Modesta sasa.

"Unataka kunipima na nini?"

"Na spana."

"Ipi?"

Nikaitaja.

"Na hii akili umeipata wapi?"

"Mnadani."

"Kwa hiyo mimi ng'ombe, na unanipimia malaya."

Nikacheka, na yeye akacheka kidogo, ikamponyoka. Nilikuwa sijaisikia ile sauti muda mrefu, wakuu. Nikaamua hata kama spana haifanyi kazi, imeshalipa.

Akakubali. Lakini nilichonote ni kwamba alifunga khanga vizuri, akaacha wazi pale kiunoni tu, akaniambia usiguse kwingine, na ukimaliza unawe mikono. Nikadhani ni kwa ajili ya uchafu wa cheni ulioko kwenye spana.

Kipimo cha kwanza, sawa. Cha pili, mafuta yameongezeka! Cha tatu yamepungua nusu nzima. Modesta akasema hiyo spana yako inafuata jina lake.

Nikakaa nikafikiri. Kumbe kosa ni langu. Leo nakamata hapa, kesho vidole viwili pembeni, na mwili wa mtu sio bomba, una milima na mabonde. Jumatatu nampima hajala, Alhamisi ametoka kula.

Alama ya kudumu tukaipata mwilini mwake mwenyewe. Modesta alichanjwa chale utotoni, mistari midogo pale kiunoni upande wa kulia. Nikasema hapa hapa. Kila kipimo juu ya chale, asubuhi kabla hajala, mkono wangu ule ule. Nyuma ya mkono napo, juu ya kiwiko, mahali palipokuwa na kovu la tetekuwanga ya zamani. Na kwa ajili ya maneno ya Maduhu, kamba ya kuzungushia paja, amesimama wima.

Mvua zote tulikuwa tunafanya hivyo. Akiamka, spana.

Na wakuu, ikaanza kueleweka. Mkunjo wa kiunoni ukawa unapungua pole pole, unashuka kama maji ya ndoo iliyotoboka. Mkono nao. Lakini paja halikulegea. Gumu kama gogo la mninga. Na lile sufuria la wali aliendelea kulitoa jikoni mwenyewe, tena siku hizo analitoa bila kuhema.

Asubuhi moja nikampima, nikaona rula, nikaruka.

"Modesta! Mafuta ndiyo yanatoka! Nyama ipo! Umeona paja? Wewe ni ng'ombe wa kiangazi!"

Nikangoja anipige.

Hakunipiga. Alikuwa analia. Kimya kimya, kashika khanga yake kwa mikono miwili.

"Una uhakika na hicho kitu?"

"Nina uhakika."

"Sio kwamba unanifurahisha?"

"Shika mwenyewe."

Nikampa spana. Akajivuta ngozi, akaipima, akaangalia rula kama anasoma barua ya kutoka mbinguni. Akakaa mkekani. Ndipo akaniambia.

Dada yake Devota alifia Inyonga mwaka uliotangulia. Mimi nilijua hilo, nilizika. Nisichojua ni kwamba Modesta ndiye aliyekuwa anamuosha vidonda peke yake, kwa mikono mitupu, wengine walipoogopa kuingia chumbani. Na wakati huo kidole chake Modesta kilikuwa kimekatwa na kisu cha samaki.

Kilo zilipoanza kushuka akajua masharti hayawezi kufanya vile. Akajua ni kile cha Devota.

"Ndio maana mkeka," akasema. "Ndio maana nilikuwa nakuambia unawe. Nisikuue na wewe. Unanichekesha kila siku, nikawa nasema huyu nikimuua nitamwambia nini Mungu."

Wakuu, mimi mtu wa maneno. Siku ile nilikaa chini karibu naye tu.

Nilidhani amenichoka. Kumbe miezi yote ile alikuwa ananilinda.

Nikamshika mkono. Akataka kuutoa. Nikaubakisha.

"Twende tukapime damu," nikasema. "Wote wawili. Spana imesema yake, damu nayo iseme."

"Ikisema vibaya?"

"Basi nahamia mkekani."

Akanifuta mimi machozi. Sikujua kama yalikuwepo.

Kupima enzi hizo haikuwa kama leo, unasubiri ukichati. Damu zilichukuliwa, zikapelekwa mbali, tukaambiwa rudini baadaye. Ile baadaye naombeni nisiisimulie. Nilikuwa naziba pancha mahali ambapo hapajatoboka.

Siku ya majibu nesi akatuita wote ndani. Mama mtu mzima, miwani kwenye pua. Akasoma. Akatutazama. Akasema hatuna kitu, yeye hana, mimi sina. Modesta akamwomba arudie. Akarudia. Akaomba tena.

"Mwanangu," nesi akasema, "nikisoma mara ya tatu nitakutoza."

Halafu akamfunga lile tambara la presha, akapuliza. Imeshuka. Akamuuliza umefanyaje, Modesta akasema mume wangu ananipima kwa spana. Nesi akavua miwani.

Tukatoka. Nilidhani atalia tena au ataimba kwaya. Amesimama pale getini, jua linawaka, akasema:

"Nina njaa."

"Ya nini?"

"Ya wali. Sijasikia njaa tangu lini sijui."

Tukaingia mgahawa wa kwanza tuliouona, wa mama mmoja hatumjui. Tukanawa, sahani moja katikati. Modesta akala tonge la kwanza, akatafuna, akasimamisha mkono.

"Mchele wa huu wali haukuchambuliwa."

"Kula."

"Na maharage kayatoa mapema. Na chumvi hii, huyu anataka kuua watu kwa presha?"

"Modesta, utatufukuzisha."

"Basi mwambie aongeze wali," akasema. "Kidogo tu. Kama kijiko."

Nilimwangalia anavyokula huku anatukana mapishi ya watu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nimeona vingi.

Basi wakuu, kwa jamaa aliyeuliza, somo langu ni hili. Mzani unakuambia uzito tu, na ukinywa maji mengi unakudanganya kama yule ng'ombe wa mnadani. Kama unataka kujua mafuta, shika mkunjo wa ngozi, mahali pale pale, muda ule ule, mtu yule yule, na uwe na kitu cha kupimia, sio macho. Usihangaike na namba ya siku moja, angalia inaelekea wapi. Na angalia nguvu zako, kama mzigo wako wa kila siku bado unaunyanyua.

Lakini spana haipimi ugonjwa, msije mkaniua. Maneno ya paja ni ya ng'ombe wa Maduhu, sisi yalitupa moyo tu wa kwenda hospitali. Damu inapimwa na wenye kazi yao.

Na ukiona mwenzako ameanza kulala mkekani, usijijibu mwenyewe kichwani kama mimi. Muulize. Mimi ilibidi nizungukie mnadani, kwa Wasukuma, kwenye boksi la vifaa, ndipo nimfikie mtu anayelala hatua mbili kutoka kitandani kwangu.

Modesta mzima mpaka leo. Unene umerudi kidogo, anasema ni umri, mimi nasema ni mawese, kesi iko mahakamani.

Haya, uwanja wenu. Wenye vipimo vyenu vya kienyeji wekeni hapa tujifunze. Wenye kuomba picha ya chale za mke wangu, mna akili kweli nyie? Wenye kucheka chekeni, ila na presha mkapime.